Suuza Mpaka Utelezi Uishe

1

TANGAZO
SHULE YA MSINGI KISAMBAREI

MAJI YA BOMBA LA CHUJIO YASITUMIKE KWA KUNYWA, KUPIKIA UJI WALA KUSUKUTUA, HADI HAPO ITAKAPOTANGAZWA VINGINEVYO.
WANAFUNZI WAJE NA MAJI KUTOKA NYUMBANI.

*(Chini yake, kwa penseli, mwandiko wa mtu mzima: Nyumbani tunakunywa ya mto. Ndiyo hayohayo mliyotuambia yanapinda miguu. Tukayatoe wapi mengine?)*

2

Huyo mwanamke mnayemwona amesimama mbele ya tangazo, mkoba begani, kiganja kimeziba mdomo, anaitwa Elisifa Nnko. Ni daktari, ila si wa sindano. Ni daktari wa kemia. Chujio linalokatazwa hapo juu ni lake. Kalibuni mwenyewe, kalijaribu mwenyewe, kalileta mwenyewe kwa pikapu ya maabara hadi kwenye ukuta wa jiko hili.

Hicho kiganja msidhani ni majonzi. Ni mazoea. Elisifa alizaliwa ng'ambo ya mto huuhuu, na maji ya mlima wetu yana floraidi, kitu kisicho na rangi wala harufu. Ukikinywa utotoni, meno yanaota ya kahawia. Ukikinywa miaka mingi, mifupa nayo inapinda. Alipokwenda sekondari mjini wenzake walimwita Meno ya Chai, na tangu siku hiyo akicheka anaziba mdomo, akipiga mwayo anaziba mdomo, akilia vilevile. Mjomba wake Ndewingia alitembea ameinama kama mtu aliyedondosha sindano, mpaka siku alipozikwa.

Basi Elisifa akaapa. Mimi watu wa kuapa siwapendi, wana kiburi, lakini huyu aliapa na akafanya. Miaka kumi na mmoja maabara, kwa hasira tupu, akitafuta kitu cha bei ya mwananchi kitakachoyanyang'anya maji ile floraidi. Alijaribu udongo mwekundu. Alijaribu majivu ya pumba. Alijaribu maganda ya mayai, wenzake wakamcheka. Mwisho akakipata.

Mfupa.

3

*Kutoka Mwongozo wa Maabara, toleo la tatu. Umeandikwa na Dk. E. Nnko.*

3.1 Kusanya mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni na kwa wachoma nyama.

3.2 Chemsha. Toa mafuta. Anika juani.

3.3 Choma ndani ya tanuru lisiloingiza hewa. Rangi inayotakiwa ni nyeusi. Mfupa ukitoka wa kahawia haujaiva, maji yatanuka. Ukitoka mweupe umeungua kupita kiasi na hauna kazi tena.

3.4 Ponda. Chekecha. Osha. Jaza kwenye tangi. Maji yakipita, floraidi hunasa kwenye mkaa huo wa mifupa.

3.5 Mkaa ukishashiba hauwezi kunasa zaidi. Kwa macho hutajua.

3.6 Mkaa ulioshiba huhuishwa kwa kupitisha maji ya kostiki soda (ile ya kutengenezea sabuni). Hapo utatema kwa mkupuo floraidi yote uliyoibeba kwa miezi. MAJI HAYO NI SUMU. Yamwagwe kwenye shimo lililosakafiwa.

3.7 Suuza mpaka mita ya floraidi isome chini ya miligramu moja na nusu kwa lita.

Haya, rudieni kusoma 3.6 na 3.7. Msione uvivu, ni mistari michache. Mtoto amefia hapo katikati.

4

*(wanaosema hapa ni mifupa)*

Tulikuwa mapaja na kwato. Tulipanda na kushuka malisho ya watu. Tuliliwa nyama yetu Jumapili kwa ndizi na pilipili, tukatupwa, tukaokotwa na mwanamke aliyeziba mdomo, akatuchoma tukawa weusi.

Akatuambia: shikeni.

Tukashika. Kila ndoo iliyopita, tulishika. Asubuhi watoto walikuja kufungua bomba, tukawasikia wanasukumana, na tulishika kwa ajili yao, miezi saba, tukajaa hadi...

Kisha akaja mwingine, akatumwagia kitu kinachoteleza.

Nacho kikatuambia: achieni.

5

MAABARA YA KASKAZINI YA VIFAA VYA MAJI

Kwa Mwalimu Mkuu, Kisambarei.

YAH: KUSOGEZWA MBELE KWA ZIARA YA KUHUISHA CHUJIO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunasikitika kukuarifu kuwa ziara iliyopangwa wiki ya pili ya mwezi wa tatu haitafanyika, kwa kuwa mtaalamu mhusika atakuwa safarini kuwasilisha matokeo ya chujio lenu kwenye mkutano wa wanasayansi. Ziara itafanyika mwezi wa tano. Tunaomba uvumilivu.

Nakala: Mhudumu wa chujio.

*(Sahihi: E. Nnko.)*

6

Waliougua, tarehe kumi na tisa mwezi wa nne, baada ya uji wa saa nne:

Darasa la kwanza, tisa.
Darasa la pili, kumi na mmoja.
Darasa la tatu, sita.
Darasa la nne, watano.

Jumla thelathini na mmoja. Kutapika, tumbo kukata, mikono kukakamaa. Waliolazwa na kuruhusiwa ni thelathini.

Aneth Urio, darasa la pili, miaka saba. Alikunywa uji mara mbili kwa sababu alikuwa zamu ya kufuta ubao, na wa zamu huwa wanaongezwa.

7

*Rasimu ya taarifa ya kamati ya uchunguzi, ukurasa wa nne:*

"...imebainika kuwa mhudumu wa chujio, Bi. Anasia Kaaya (Mama Nathanaeli), ambaye pia ni mpishi wa shule, alipoona maji yanatoka kwa shida, alilisafisha chujio kwa magadi ya kupikia maharage, kwa akili yake mwenyewe na bila kuelekezwa na mtu yeyote. Magadi hayo yaliitoa kwenye mkaa sumu yote uliyokuwa umeikusanya. Alisuuza, lakini si kwa kiwango cha kitaalamu, kisha akapikia uji. Kamati inapendekeza suala lake lifikishwe polisi. Dk. Nnko anaombwa kuthibitisha aya hii kwa sahihi."

Kuna nukta nukta za kuweka sahihi. Zimekaa pale wiki mbili.

8

Sasa niwaambie kitu ambacho kamati haikijui. Kaeni vizuri.

Mwaka jana, siku ya mafunzo, wanawake kumi na wawili wa kamati ya maji walikusanyika jikoni hapa shuleni. Elisifa akawaonyesha jinsi mkaa unavyohuishwa. Akakoroga kostiki soda kwenye ndoo, na glavu zake, na miwani yake. Kabla hajawahi kusema chochote, Mama Nathanaeli akachovya kidole. Mpishi aliyepika miaka thelathini, unamzuiaje asionje kilicho kwenye sufuria? Akasugua kidole na gumba.

"Inateleza," akasema. "Dokta, hii si ndiyo kama magadi?"

Elisifa akacheka. Akacheka kwa furaha, jamani, maana kwa miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi wake wa chuo aliyewahi kufika hapo kwa ncha ya kidole. Akasahau hata kuziba mdomo.

"Ndugu yake kabisa, mama! Baba mmoja, mama mmoja."

Wanawake wakapiga vigelegele. "Kumbe sisi wapika makande ni madokta siku zote!"

Mwingine akauliza, mita hatuna, tutajuaje yamesafika? Naye akajibu, "Suuzeni mpaka utelezi uishe vidoleni." Alikusudia kuongeza: halafu msinywe, mtusubiri sisi na mita. Hilo la mita hakulisema. Pilau ilikuwa imeshapakuliwa, Mwalimu Mkuu anaita, watu wakanyanyuka.

Ni maneno hayo tu. Na kwa kemia hakukosea, kostiki na magadi ni jamii moja kweli. Hilo ndilo linalomtafuna. Tena magadi ya ziwani yana floraidi yake yenyewe ndani, na yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote mkoa mzima. Ameliandikia sura nzima ya tasnifu, yenye majedwali. Mbele ya ndoo hakulikumbuka.

Mama Nathanaeli yeye alikumbuka kila kitu. Mwezi wa tatu ukapita bila watu wa maabara, maji yakawa machozi, akafanya kama alivyofundishwa. Akasuuza. Akasugua kidole na gumba. Utelezi ukaisha.

Akabandika uji.

9

Tangu hapo:

Saa nne asubuhi, kila siku ya kazi, Elisifa akiwa maabara anasikia vijiko vikigonga vikombe vya plastiki. Vingi. Akitoka koridoni, vinanyamaza.

Gunia la mkaa wa Kisambarei limewekwa pembeni kama kielelezo, limefungwa kwa lakiri. Ni kavu. Sakafu chini yake imelowa. Wanafuta, inalowa.

Alipima maji safi kabisa, yaliyokenekwa kwa mvuke humohumo maabara, mita ikasoma nne. Akabadilisha betri. Ikasoma nane. Akamwita Lomayani, fundi wa maabara, apime yeye. Ikasoma sifuri.

"Mita ni nzima, Dokta," Lomayani akasema, macho chini. "Labda upumzike kidogo."

Swali nalo halimwachi, linamjia kwa midomo ya watu wasio na habari. Sokoni muuza dagaa akimwuliza jirani yake: hii si ndiyo kama magadi? Redioni, mama wa kipindi cha mapishi. Nyumbani mama yake mzazi, mkono ndani ya kopo: "Elisifa, hebu njoo uangalie, hii ni chumvi au magadi?"

Alikimbilia kunawa mikono. Akanawa kwa sabuni. Akasugua kidole na gumba.

Bado.

Akanawa kwa limau, kwa mchanga, kwa siki ya maabara.

Bado.

Anaogopa. Nasema wazi kwa sababu yeye hasemi. Anaogopa hadi anakula kwa uma vitu vya kula kwa mkono.

10

*Yaliyosikika, mstari wa kuchota maji mtoni, wiki hii:*

"Mimi nilisema toka mwanzo, mifupa ya ng'ombe mia tatu kwenye tangi moja, unajua kila ng'ombe alikufa na nini?"

"Acha ushirikina. Wangu alianza kutoa meno meupe, mwenzangu. Meupe! Nilimwonyesha kila mtu kanisani."

"Na Aneth alikuwa na meno gani?"

"Sogeza ndoo."

11

*(wanaosema ni mifupa)*

Tuko shule kumi na nne. Kisambarei ilikuwa moja tu. Kumi na tatu bado tumeshika.

Tunajaa.

Hakuna aliyekuja.

12

Siku moja kabla ya kikao cha kamati ya uchunguzi, Elisifa alikwenda kwa Mama Nathanaeli. Alimkuta uani anapeta maharage. Nathanaeli mwenyewe, kifungua mimba, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, magongo mawili yameegemea ukuta. Hajafika arobaini. Maji ya mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

Elisifa hakukaa. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, yakamtoka yote kwa mara moja. "Mama, ni mimi niliyekwambia magadi ni ndugu yake. Ni mimi niliyesema mpaka utelezi uishe. Wanataka nisaini kwamba ulifanya kwa akili yako."

Ungo haukusimama. "Nakumbuka. Sijazeeka kiasi hicho."

"Sasa mbona hukuwaambia?"

"Waliniuliza, nani alikuelekeza? Nikasema hakuna."

"Kwa nini?"

Mama Nathanaeli akauweka ungo chini. Akamwangalia binti wa watu kama anayemwangalia mtoto aliyeuliza jua linatoka wapi.

"Mwanangu, mimi wakinifunga, jiko la shule litakosa mpishi. Watapata mwingine, wapishi wapo. Wewe wakikutoa, lile tanuru nani ataliwasha? Shule kumi na nne, Elisifa. Mwangalie huyo." Hakunyoosha kidole kwa mwanawe, alinyoosha kidevu tu. "Unataka wote waje kuwa hivi?"

"Mama, yule mtoto..."

"Yule mtoto nilimpakulia mimi!" Sauti ikakatika, akaitafuta, akaipata. "Mara mbili. Nilimwambia, kunywa mwanangu, umechoka na ubao. Usinifundishe habari za yule mtoto. Nasikia vijiko, wewe unadhani nalala?"

Elisifa akashika ukuta.

"Vijiko?"

"Saa nne. Kila siku."

Wakatazamana. Nathanaeli alikohoa, akajifanya anaangalia kuku.

"Saini," akasema Mama Nathanaeli, akarudisha ungo mapajani. "Ukienda ukasema vingine, naapa mbele ya Mungu, nitakukana mbele za watu wote. Sasa kaa nikupe chai. Maji ni ya mvua, usiogope."

Alikaa. Alikunywa. Ingekuwa mimi ningelia, na yeye alilia.

13

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA UCHUNGUZI
Ukumbi wa kijiji, Kisambarei. Saa tatu na nusu asubuhi.

13.1 Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwaomba wajumbe wasimame dakika moja.

13.2 Rasimu ya taarifa ilisomwa. Ukurasa wa nne ulionekana hauna sahihi ya Dk. Nnko. Mwenyekiti alimpa kalamu.

13.3 Dk. Nnko aliomba kusema kwanza. Mwenyekiti alimkumbusha kuwa maelezo yake ya maandishi yanatosha na halazimiki. Dk. Nnko alisema analazimika.

13.4 Dk. Nnko alieleza kuwa Bi. Kaaya hakutumia akili yake mwenyewe. Kwamba yeye, Dk. Nnko, siku ya mafunzo, aliulizwa kama dawa ile ni kama magadi, akajibu kuwa ni ndugu yake, baba mmoja, mama mmoja. Kwamba alisema wasuuze mpaka utelezi uishe. Kwamba alijua magadi yana nini. Kwamba ziara ya mwezi wa tatu aliiahirisha yeye ili akasifiwe. (Alitumia neno hilo. Mwenyekiti alimwuliza kama liandikwe, akasema liandikwe.)

13.5 Bi. Kaaya alisimama bila kupewa ruhusa akasema si kweli. Akasema Dokta ana majonzi na anajibebesha. Akasema aliwaza magadi mwenyewe, jikoni kwake, na hakufundishwa na mtu.

13.6 Wanawake wa kamati ya maji, waliokuwepo siku ya mafunzo, waliulizwa mmoja mmoja walisikia nini. Wa kwanza alisema hakumbuki. Wa pili alisema hakumbuki. Wa tatu alianza kulia. Wengine hawakuulizwa.

13.7 Mwenyekiti alisema kuwa mmoja kati ya hawa wawili anaidanganya kamati. Akafafanua kwa faida ya wajumbe: ikiwa Bi. Kaaya ndiye mkweli, suala lake linakwenda polisi na machujio yaliyobaki yataendelea. Ikiwa Dk. Nnko ndiye mkweli, kosa limo kwenye mafunzo yenyewe, na mafunzo ni yaleyale shule zote, hivyo machujio yote kumi na manne yafungwe leo na maabara isimame kwa muda usiojulikana.

13.8 Kelele. Mwenyekiti aliomba utulivu mara tatu.

13.9 Mwenyekiti alisema kuwa kwa ubinadamu atamwuliza mzazi wa marehemu, Bi. Haikaeli Urio, kama ana maoni juu ya nani aaminiwe.

13.10 Bi. Urio, aliyekuwa amekaa mlangoni na mtoto mchanga mgongoni, alisema nani kasema na nani hakusema halitamrudishia mtu wake. Akasema wote wawili anawaamini. Akasema wote wawili hawezi kuwaangalia usoni, wasimwambie tena awaangalie. Akasema anao wengine watatu, wawili wako hapo ng'ambo darasani sasa hivi, na huyu mgongoni ataanza kunywa maji mwezi ujao. Akasema ana swali moja tu.

13.11 Mwenyekiti alisema maswali yapitie mezani kwa maandishi. Bi. Urio alisema hajui kuandika vizuri, katibu amwandikie.

13.12 Swali la Bi. Urio, kama alivyolisema: "Kesho hawa watoto wanywe nini?"

13.13 Mwenyekiti alimtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu alimtazama Dk. Nnko. Dk. Nnko na Bi. Kaaya walisimama kwa pamoja.

13.14 Jibu: *(Hapa katibu ameacha nafasi tupu.)*